Upatanishi wa mahakama katika kesi ya matunzo ya mtoto: maoni ya baba mmoja wa Nakuru

Mimi ni fundi wa friji na mashine za kufulia, kibanda changu kiko Free Area, Nakuru. Binti yangu ana miaka saba na anaishi na mama yake Kisumu, mtaa wa Manyatta. Sisi wawili tuliachana 2022. Naandika haya kwa sababu haipiti wiki bila mwanamume mmoja kuja kibandani, akaegemea friji ya mteja na kuniuliza kwa sauti ya chini, "Ile kesi ya mtoto uliimaliza vipi?" Nimekuwa nikieleza vipande vipande, bisibisi mkononi. Leo naeleza yote.

Huduma ninayoizungumzia ni upatanishi unaofanyika chini ya mahakama: hakimu anaisimamisha kesi kwa muda, nyinyi wazazi mnapelekwa mbele ya mpatanishi mkaongee. Wengi huku wanaita mediesheni. Mahakama yenyewe sitaitaja. Kesi za watoto husikilizwa faraghani na majina yao hayatangazwi, na binti yangu ana haki ya kukua bila jirani yeyote kuijua faili yake. Itoshe kusema ilikuwa upande wa Kisumu, na kwamba nilifunga safari kutoka Nakuru mara tano. Kila safari ilinigharimu kama shilingi 1,600 kwenda na kurudi, bila kuhesabu kazi niliyoiacha.

Kwanza niseme kosa langu, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini naisifu huduma hii.

Baada ya kuachana nilikuwa natuma pesa nikizipata. Wiki hii 1,500, wiki mbili kimya, kisha 3,000. Akilini mwangu nilikuwa baba mwema. Aprili 2024 nikaomba mtoto aje Nakuru likizo, mama yake akakataa. Akasema, "Huwezi kumtaka mtoto wakati wa likizo tu, na wakati wa njaa humjui." Nilikasirika nikakata pesa kabisa. Nikamwambia, siku nitakayomwona mtoto ndiyo siku utakayoziona pesa. Miezi minne sikutuma kitu. Wenzangu kibandani waliniunga mkono wote, na nadhani hapo ndipo nilipaswa kushtuka.

Agosti hiyo wazee wakakaa. Kwetu ni Luanda, Vihiga. Kwao mama mtoto ni Nyakach. Baba mdogo wangu aliongoza upande wetu, wajomba zake wawili upande wao. Tulikaa kutoka saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni, na mazungumzo yalikuwa ya ng'ombe. Niliwahi kupeleka ng'ombe wawili na kuahidi wengine ambao sikuwapeleka. Wajomba wakasema mahari haijaisha, kwa hivyo mtoto ni wao. Baba mdogo akasema damu ni damu, mtoto aletwe Luanda kwa nyanya yake. Nawaheshimu wazee wale na bado nawaheshimu. Lakini katika saa sita zile hakuna aliyeuliza mtoto anakula nini, wala nani anamlipia shule. Tulipoinuka, kila upande uliondoka na hasira yake na mtoto alibaki pale pale.

Septemba hati ya kuitwa mahakamani ikanifikia kwa WhatsApp, nikiwa nimejikunja nyuma ya friji ya bucha moja Bondeni. Nilidhani ni matapeli. Nilipofungua nikaona jina la binti yangu na jina langu, mimi nikiwa mshtakiwa. Mama yake alikuwa anadai shilingi 20,000 kwa mwezi. Mikono ilikufa ganzi.

Niwaambie hapa jambo ambalo wanaume wengi hawajalijua, na mimi sikulijua. Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inasema kila mtoto ana haki ya kutunzwa na wazazi wake, na kwamba jukumu la mama na la baba kumkimu ni sawa, wawe wameoana au hawajaoana. Sheria ya zamani ya watoto, ile ya 2001, ilikuwa imemwachia mama mzigo wa kwanza pale ambapo wazazi hawakuoana. Hiyo ndiyo iliyokaa vichwani mwetu: hukumuoa, hudaiwi. Sheria ya Watoto ya 2022 iliifuta ile ya 2001, na jukumu sasa ni la wote wawili kwa usawa. Ng'ombe wawili au ng'ombe kumi, hilo ni la wazee na lina mahali pake. Uji wa mtoto hauwangoji ng'ombe.

Kuna mtu alinidaka nje ya majengo ya mahakama siku ya kwanza, suti ya kijivu, akajiita wakili. Alinila 8,000. Ushauri wake ulikuwa niandike kwamba mtoto si wangu, tuombe vipimo vya DNA, tununue muda. Kweli mahakama inaweza kuamuru vipimo hivyo kukiwa na shaka, na Mkemia wa Serikali ana tawi Kisumu. Kama una shaka ya kweli, sema mapema na kwa heshima. Lakini mimi sikuwa na shaka hata chembe. Yule mtoto ana masikio ya mama yangu mzazi, ndiyo maana tangu azaliwe namwita Kukhu, nyanya. Niliondoka kwa mtu yule nikaenda kujiandikia majibu yangu mwenyewe kwa msaada wa kijana wa saibakafe, maana siku hizi hati zinawasilishwa kwa mtandao. Niliandika kwamba mtoto ni wangu, kwamba sikatai kumtunza, kwamba 20,000 siwezi, na kwamba naomba kumwona.

Hakimu alitoa amri ya muda: 5,000 kila mwezi hadi kesi iamuliwe. Kisha akasema faili iende kwa upatanishi. Nikaona ananitupa. Nilitaka kusikilizwa na mtu mwenye joho.

Sasa jinsi inavyofanya kazi. Mpatanishi anateuliwa kutoka kwenye orodha ya walioidhinishwa. Humlipi, na mwenzako halipi. Kabla ya kikao kila mmoja anaandika muhtasari wa upande wake. Muda ni siku 60, na zinaweza kuongezwa kidogo. Yanayosemwa mle ndani ni siri, mkishindwa kuelewana na kesi irudi kwa hakimu, hakuna atakayesimama kusema "siku ile alikiri hivi." Mkielewana, makubaliano yanaandikwa, mnatia sahihi, yanapelekwa mahakamani na kuwa amri kama amri nyingine yoyote. Ukiivunja umevunja amri ya mahakama. Mpatanishi mwenyewe hana mamlaka ya kukuamulia kitu, na mwanzoni hilo lilinifanya nimdharau. Nikajiuliza, mtu asiyeweza kuniamulia atanisaidia nini?

Chumba kilikuwa ofisi ndogo yenye meza moja na viti vya plastiki, dirisha linaloelekea mahali pa kuegesha magari. Mpatanishi wetu alikuwa mama wa makamo, mwalimu mstaafu. Wapatanishi si lazima wawe mawakili. Tulimwita Mwalimu. Hakutuuliza kwa nini tuliachana, na katika vikao vyote vitatu hakuwahi kuuliza. Aliniangalia mimi kwanza akaniuliza, "Baba, mwalimu wa darasa wa mtoto wako anaitwa nani?"

Sikujua.

Akamgeukia mama yake. "Mama, baba yake mara ya mwisho kuongea na mtoto ilikuwa lini?" Yeye naye akainamisha kichwa, kwa sababu alikuwa ameizuia namba yangu tangu Juni. Mwalimu akaandika mambo hayo mawili kwenye karatasi yake bila kusema neno, kisha akatupa kila mmoja ukurasa mtupu na kalamu. Akasema, andikeni kila kitu ambacho mtoto huyu anatumia kwa mwezi mmoja. Msiangaliane. Dakika kumi na tano.

Karatasi yangu ilikuwa na vitu sita: chakula, shule, nguo, viatu, hospitali, kodi ya nyumba. Niliridhika nayo. Ya mama yake ilijaa kurasa mbili. Mafuta ya kujipaka. Kusuka nywele. Nauli ya boda asubuhi, kwa sababu barabara ni mbaya wakati wa mvua. Manila, gundi na rangi za kazi za CBC, ule mtaala wa shule, ambazo mwalimu anazitaka kesho yake tu. Chakula cha mchana shuleni. Soksi, maana anazipoteza. Dawa ya minyoo. Jirani anayekaa naye jioni hadi saa mbili, kwa sababu mama yake hushona sare kwenye duka la mtu na hufunga saa moja na nusu. Chandarua. Dawa ya malaria.

Kwenye chandarua nilisimama. Naishi Nakuru, juu kwenye baridi, na miaka yote hiyo sijawahi kulala nikifikiria mbu. Kisumu mtoto akipata homa usiku, mama hulala macho akijiuliza kama ni malaria. Mwanangu alikuwa ameugua malaria mara mbili mwaka ule na sikuwa na habari. Nilitaka kusema kwamba sikuambiwa. Nikakumbuka kwamba sikuuliza.

Tukakaa tukaweka bei, kitu kimoja kimoja, na Mwalimu akijumlisha kwa kalamu. Chakula 5,000. Kodi ya nyumba ni 6,000, sehemu ya mtoto tukaweka 2,000. Boda 1,500, jirani wa jioni 1,500, chakula cha shule 1,200, vifaa vya darasani 500, nguo na viatu 800, sabuni na mafuta na nywele 900, dawa 600. Jumla 14,000. Mama yake, aliyeandika 20,000 mahakamani, aliiangalia jumla ile akasema ni kweli, zile nyingine alikuwa ameziweka kwa hasira. Mimi niliyekuwa nimeapa kwamba sitazidi 4,000 sikuwa na pa kupita. Ukikataa 14,000 inabidi uonyeshe ni kitu gani unataka kifutwe. Nifute soksi?

Kwa kikao cha pili Mwalimu alituambia tuje na taarifa za M-Pesa za miezi sita. Hapo ndipo watu wengi huogopa, na nawaelewa, kwa sababu mapato ya jua kali hayana hati ya mshahara. Yangu yalionyesha wastani wa 32,000 kwa mwezi, ya mama yake 22,000. Mwalimu akagawa ile 14,000 kwa kukaribia uzito huo: mimi 8,000, yeye 6,000. Nikamweleza jambo la kazi yangu ambalo hakimu asingekuwa na nafasi ya kulisikiliza. Juni, Julai na Agosti Nakuru ni baridi, friji haziharibiki sana, na hata zikiharibika watu hawana haraka. Desemba kazi inafurika. Akanisikiliza hadi mwisho, akauliza maswali mawili matatu, kisha akamuuliza mama mtoto kama anaweza kuishi na mpango unaofuata msimu. Tukaandika hivi: 8,000 kila mwezi kabla ya tarehe 5, isipokuwa miezi mitatu ya baridi ambapo natoa 6,000, na zile 2,000 zinazopungua kila mwezi, jumla 6,000, nazimaliza kabla ya tarehe 20 Desemba, ili zikute ununuzi wa sare na vitabu. Mahitaji ya kufungua muhula tunagawana nusu kwa nusu na yangu naituma moja kwa moja kwa shule. Kuhusu SHA, bima ya afya ya serikali, Mwalimu aliuliza mtoto ameandikishwa chini ya nani, tukatazamana: hakuna aliyemwandikisha. Akaandikishwa chini ya mama yake wiki hiyo hiyo.

Mpango kama huo sidhani ningeupata kwa kubishana mbele ya hakimu. Hakimu ana faili nyingi siku hiyo, angeangalia karatasi, akapima, akataja kiasi kimoja kwa miezi yote. Na Julai ya kwanza ningekuwa mdaiwa.

Kikao cha tatu kilikuwa cha haki ya kumwona mtoto, na kilikaribia kutuvunja. Mama yake alisema hawezi kumtuma mtoto wa kike alale kwenye nyumba asiyoijua, kwa mwanamke asiyemjua. Ni kweli kuna mtu tunaishi naye sasa. Niliona nimetukanwa, nikainuka. Mwalimu hakunizuia. Alisema tu, "Baba, toka upunge hewa, nitaongea na Mama, kisha utaingia wewe peke yako." Hilo linaruhusiwa, mpatanishi kukaa na kila mmoja pembeni. Nilipoingia aliniuliza, "Kama huyu mtoto angekuwa wa dada yako, na wewe ndiye mjomba, ungetaka kujua nini kabla hajaondoka?" Nilimjibu: ningetaka kujua analala chumba gani, nani anamwogesha, nani yuko naye nikiwa kazini. Akasema, basi hayo ndiyo anayouliza mama yake, kayajibu.

Nikayajibu. Likizo ya kwanza mtoto angekuja siku saba tu, na dada yangu angetoka Kakamega akae nasi siku hizo. Mama yake angeongea kwa simu na yule ninayeishi naye kabla ya safari. Wakaongea dakika arobaini, na hadi leo hawajaniambia waliongea nini. Tangu hapo ni nusu ya kila likizo. Namchukua mwenyewe, namrudisha mwenyewe siku mbili kabla ya shule kufunguliwa, simwachii makanga wala jirani. Simu ni Jumatano na Jumapili saa moja jioni. Fomu ya matokeo napigiwa picha natumiwa. Akilazwa hospitali naambiwa siku hiyo hiyo.

Mwalimu alisisitiza kitu kimoja hadi tukakirudia kwa midomo yetu wenyewe, mmoja baada ya mwingine. Pesa za mtoto na kumwona mtoto ni mambo mawili. Mwenzangu akinizuia kumwona, narudi mahakamani, lakini pesa zinaendelea. Mimi nikichelewesha pesa, yeye arudi mahakamani, lakini simu ya Jumatano inapigwa. Mtoto anayewasikia ninyi mkigombana, Mwalimu alisema, hana hata sehemu moja aliyokosea. Nilikuwa nimefanya biashara na tumbo la mwanangu kwa miezi minne. Nalisema waziwazi ili mwingine asilifanye.

Sasa kasoro, kwa sababu zipo.

Lugha. Makubaliano yaliandikwa kwa Kiingereza kigumu, kurasa nne. Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi, na sisi watatu tuliongea Kiswahili vikao vyote, kisha karatasi ya kutia sahihi inakuja kwa lugha ambayo mama yake anaisoma kwa shida. Niliomba tusomewe kwa Kiswahili kifungu kwa kifungu, na Mwalimu akakubali. Ilichukua zaidi ya saa nzima. Humo tuligundua kwamba "nusu ya likizo" ilikuwa imeandikwa kama likizo moja moja kwa kupokezana. Kama tusingesoma, mama yake angekaa Desemba nzima bila mtoto, au mimi. Usitie sahihi kitu ambacho hujasomewa kwa lugha unayoielewa, hata kama foleni nje ni ndefu.

Muda. Kikao kimoja kiliahirishwa kwa ujumbe uliofika nikiwa tayari nimefika Kericho. Sikurudishiwa nauli na sikuombwa radhi. Baada ya kutia sahihi tulingoja zaidi ya wiki tatu ndipo makubaliano yakawa amri. Wiki hizo tulikuwa tunaenda kwa imani tu, na imani yetu wakati huo ilikuwa nyembamba sana.

Tatu, na hili linaniuma zaidi: hakuna anayefuatilia. Siku ukitoka na amri yako, umetoka. Ukikosa kulipwa, ni wewe uanze tena kwenda mahakamani kuomba mwenzako aitwe aeleze. Mahakama ina meno, inaweza kuamuru mshahara wa mtu ukatwe au hata afungwe jela ya kiraia, lakini meno hayo hayaumi mpaka wewe uyapeleke. Kwa mama anayeshona sare hadi saa moja na nusu usiku, kila safari ya kwenda mahakamani ni siku isiyo na mshahara.

Pia kuna watu ambao sitawashauri kukaa kwenye chumba kile. Dada yangu yule wa Kakamega aliishi na mtu wa kumpiga. Huwezi kumkalisha mwanamke mbele ya mtu aliyemvunja mkono ukamwambia wapatane kuhusu nauli ya boda. Atakubali chochote ili atoke salama. Kwa mtu kama huyo kuna sheria ya 2015 ya kulinda watu dhidi ya ukatili nyumbani, na mahakama inaweza kutoa amri ya ulinzi. Kama ndivyo ulivyo, mwambie msajili au hakimu mapema kwamba upatanishi hauwezekani na useme kwa nini. Vilevile kama mwenzako anaficha mapato, ana nyumba za kukodisha na anakuja na taarifa ya M-Pesa ya laini moja isiyo na kitu, mpatanishi hana nguvu za kumchimbua. Huyo mpeleke kwa hakimu aape kuhusu mali yake.

Wanaoniuliza kama ni lazima kuanza na kesi, nawaambia hapana. Afisa wa watoto wa serikali anaweza kuwakalisha na mkaandika makubaliano bila kwenda mahakamani. Namba 116 ni ya bure kwa mambo ya watoto, usiku na mchana. Kina mama wa upande wa ziwa wana FIDA, shirika la mawakili wanawake, ambalo lina ofisi Kisumu na hufundisha watu kujisimamia wenyewe kesi zao. Sisi tungeweza kupitia huko tukaokoa miezi. Lakini kwa mtu kama mimi, ambaye alikuwa ameshakata pesa na kununa, nadhani nilihitaji kuliona jina langu kwenye hati ya mahakama kwanza.

Ukienda, beba taarifa za M-Pesa za miezi sita, risiti za shule, kadi ya kliniki ya mtoto, na karatasi uliyoiandika nyumbani ukiwa umetulia. Lipa kwa simu tu, usitoe pesa mkononi hata kwa nyanya yake, na usifute ujumbe wowote. Na kabla hujapanda matatu, jua jina la mwalimu wa darasa.

Nikipewa nyota tano za kugawa, natoa nne. Ile moja naizuia kwa ajili ya Kiingereza kile na ufuatiliaji usiokuwepo.

Tangu amri itoke nimechelewa mara moja, Septemba. Mwenye hoteli moja alininyima malipo ya kazi ya friji mbili. Tarehe 4 nilimwandikia mama mtoto nikamweleza, akajibu "Sawa, lakini isizidi tarehe 12." Nilituma tarehe 11. Simu ya Jumapili iliyofuata ilipigwa saa moja kama kawaida.

Agosti Kukhu alikuja. Usiku wa kwanza alikataa kulala. Alikaa kitandani akiangalia juu, nikamuuliza anatafuta nini, akasema nyumba yangu haina neti. Nikamwambia hapa hakuna mbu wengi. Akasema hajawahi kulala bila neti, anaogopa. Saa tatu usiku nilikuwa nazunguka na dada yangu tukitafuta duka lililo wazi, tukaipata moja, ya rangi ya samawati. Nilipigilia misumari minne darini, nikaifunga kwa waya wa friji. Mwenyewe amerudi shule, neti bado iko pale juu, nimeikunja tu isishike vumbi.

Januari anaingia Gredi ya tatu. Makubaliano yanasema kila Januari tunaangalia hesabu upya, sisi wawili, na tukishindwa ndipo turudi mahakamani. Juzi mama yake alinitumia picha ya ukurasa alioanza kuandika. Wangu una vitu kumi na tisa kufikia sasa.